Gari Likisimama, Betri Haisimami

Anayesafiri kwa miezi mingi huacha agizo lile lile. Ufunguo hukabidhiwa mdogo wake, au mlinzi, au jirani anayeaminika, na maneno ni haya: "Uwe unaliwasha kila Jumamosi, dakika kumi tu, betri isije ikafa." Agizo hilo tumelirithi kwa baba zetu, wenye Peugeot 504 na Datsun ambazo zikizimwa zilizimika kweli. Kwa Toyota IST au Subaru Forester iliyoachwa uani Mbezi au Ruaka leo, halitoshi. Mara nyingi betri hufia mikononi mwa mtu aliyetii kila neno aliloambiwa, na mwenye gari akirudi humlaumu bure. Nimeona lawama za namna hiyo zikiwatenga ndugu wa damu, na hesabu ndogo tu ingetosha kuzizuia.

Hesabu yenyewe ni hii. Gari la kisasa halilali moja kwa moja. Ukishatoa ufunguo na kufunga milango, bado saa inatembea, redio inahifadhi stesheni zake, kompyuta ya injini inatunza kumbukumbu, alamu iko macho, na kipokezi cha rimoti kinasubiri kuitwa. Kwa gari zima lisilo na kasoro, jumla ya umeme unaovutwa hivyo huwa kati ya miliampea 20 na 50. Tuchukue 40. Kwa saa 24 hiyo ni karibu ampea-saa 1. Betri ya gari dogo ina ampea-saa 45 ikiwa mpya na imejaa. Ikiwa na miaka mitatu ya joto la Pwani, huenda zimebaki 30. Gari likikaa wiki moja, zinaondoka karibu 7.

Sasa Jumamosi imefika. Kijana anawasha gari. Stata inavuta mkondo mkubwa, ampea 150 au zaidi, lakini kwa sekunde mbili tatu, kwa hiyo kinachotumika hakizidi sana sehemu moja ya kumi ya ampea-saa. Wapo wanaodai kuwa kuwasha ndiko kunakomaliza betri. Hapana, hasara iko kwenye marejesho. Injini ikinguruma pale pale bila kukanyagiwa mafuta, altaneta inazunguka taratibu na sehemu ya umeme wake inaliwa na injini yenyewe, feni na taa. Hata tuwe wakarimu, tuseme ampea 15 zinaingia kwenye betri kwa dakika zote 10. Ni ampea-saa 2.5. Zimetoka 7, zimerudi 2.5. Wiki inayofuata ni hivyo hivyo. Mwezi na nusu ukipita, hiyo betri ya ampea-saa 30 iko karibu tupu na kijana hajakosa Jumamosi hata moja.

Na ukarimu wangu umezidi. Betri ya risasi hupokea umeme haraka inapokuwa tupu, kisha hupunguza pokeo kadiri inavyojaa, kiasi kwamba sehemu ya tano ya mwisho huchukua saa nyingi. Hakuna kuwasha kwa dakika 10 kutakakoijaza. Pamoja na hayo, injini isiyopata moto wa kutosha huacha maji ndani ya bomba la moshi na petroli isiyoungua kwenye oili. Mwenye gari alidhani anaokoa betri, kumbe anaumiza na kingine.

Kuliendesha ni jambo tofauti. Gari likitoka barabarani kwa dakika 40 au saa nzima kila wiki, kwa mwendo wa kawaida, altaneta hufanya kazi yake, breki hujisafisha kutu na matairi hayabonyei upande mmoja. Kama una mtu mwenye leseni, bima inamruhusu, na moyo wako unamwamini, sahau mengine yote niliyoandika hapa. Wengi hawana mtu huyo. Kumpa mlinzi ufunguo wa kuwasha ni rahisi, kumpa barabara ya Bagamoyo ni habari nyingine.

Kwa nini kupungua tu kuiue betri? Mbona simu ikiisha chaji tunaichomeka na inaendelea? Jibu liko ndani ya boksi lenyewe, na limekuwa humo tangu mwaka 1859, Mfaransa Gaston Planté alipotengeneza betri ya kwanza ya risasi inayoweza kuchajiwa upya. Vifuniko vimebadilika, plastiki imechukua nafasi ya mbao na mpira, lakini kemia ni ile ile. Ndani kuna seli sita, kila moja ikitoa volti 2.1 hivi. Kila seli ina mabamba ya risasi na mabamba ya oksidi ya risasi yaliyozama kwenye maji yenye asidi ya salfa. Betri ikitoa umeme, salfa huihama asidi na kujishika kwenye mabamba yote, ikiyageuza kuwa salfeti ya risasi, na kile kimiminika kinabaki kuelekea kuwa maji matupu. Ukiichaji, salfa inarudi majini, mabamba yanakuwa safi.

Shida ni muda. Salfeti ikiwa mpya ni laini, na umeme kidogo tu huiyeyusha. Ikikaa wiki na miezi, chembe zake huungana na kukua, kama chumvi ya mawe iliyoachwa kwenye unyevu ikagandamana kuwa bonge. Bonge hilo halipitishi umeme vizuri wala haliyeyuki kwa chaja ya kawaida. Kila sehemu ya bamba iliyofunikwa nalo imepotea. Ndiyo maana betri iliyokaa nusu tupu kwa miezi minne huweza kuonyesha volti nzuri baada ya kuchajiwa, halafu ikashindwa kuzungusha stata mara moja. Imejaa kweli, ila chombo chenyewe kimekuwa kidogo.

Mambo yote ya kuhifadhi betri yanatoka hapa. Betri haiuawi na kukaa bila kazi. Huuawa na kukaa ikiwa na njaa. Ukiweza kuihakikishia kwamba haitashuka chini ya robo tatu ya ujazo wake, inaweza kukaa mwaka mzima na ukaikuta nzima.

Kujua ujazo huo hakuhitaji fundi. Multimita ya bei ndogo inatosha, mradi gari limekaa saa kadhaa bila kuwashwa wala kuchajiwa. Volti 12.6 au 12.7 maana yake imejaa. 12.4 ni robo tatu. 12.2 ni nusu. Ukisoma 12.0, imebaki robo tu, na chini ya hapo salfeti imekwisha kutandika mkeka. Tofauti kati ya shibe na njaa ni nusu ya volti, na taa za dashibodi huwaka vilevile katika hali zote mbili. Kwa hiyo mtu anayechungulia tu na kusema "taa zinawaka, betri iko vizuri" hajapima kitu.

Joto linastahili aya yake, kwa sababu miongozo mingi ya kuhifadhi magari imeandikwa katika nchi zinazohangaika na theluji. Betri hujimaliza yenyewe hata ikiwa imetolewa ndani ya gari na haina waya wowote. Kwa aina za sasa, katika hali ya hewa ya wastani, hupoteza asilimia chache kwa mwezi. Lakini kila joto linapopanda nyuzi 10, kasi hiyo huongezeka karibu maradufu. Boneti la gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam, Mombasa au Muscat ni tanuri. Betri ile ile ingekaa Njombe au Limuru miezi sita kabla ya kuhitaji chaji. Juani Pwani, mitatu inaweza kuwa mingi. Joto pia hukausha maji na kula vyuma vya ndani, na hasara hiyo hairudishwi na chaja yoyote. Kama una uchaguzi mmoja tu kabla ya kusafiri, weka gari kivulini.

Ndugu zetu wa Minnesota au Alberta wana tatizo la upande wa pili. Baridi huipunguzia betri kasi ya kujimaliza, hivyo betri iliyojaa hukaa salama hata kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Betri tupu, kwa kuwa ndani yake kumebaki karibu maji matupu, huganda kwenye nyuzi 7 au 8 tu chini ya sifuri, na barafu hupasua boksi. Betri iliyoganda isichajiwe wala kuboostiwa. Ipelekwe kwanza mahali penye joto, iyeyuke, ikaguliwe kama ina ufa.

Turudi kwenye zile miliampea 40, maana hizo ni za gari lililotoka kiwandani na kubaki hivyo. Magari yetu mengi hayakubaki hivyo. Yameongezewa redio kubwa yenye skrini, alamu ya mtaani, swichi ya siri ya kuzuia wizi, kamera, na kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti ambacho benki au kampuni ya bima imeamuru kiwekwe. Gari langu mwenyewe liliwahi kumaliza betri mpya kabla ya siku 10 kwisha. Nilibadilisha betri, nikamlaumu muuzaji, nikabadilisha tena. Fundi umeme wa tatu ndiye aliyechukua mita na kupima: miliampea 180, zikitoka usiku na mchana kupitia redio ambayo waya wake ulifungwa moja kwa moja kwenye betri bila kupita kwenye swichi ya ufunguo. Kwa siku hiyo ni zaidi ya ampea-saa 4. Betri mbili nzuri zilikwenda bure kwa sababu ya waya mmoja.

Kipimo hicho kinafaa kufanywa kabla ya gari kuachwa. Unafungua waya hasi wa betri na kuunganisha multimita kati ya waya huo na ncha ya betri, mita ikiwa kwenye tundu la ampea 10. Kisha unasubiri. Kompyuta za gari haziendi kulala mara moja. Nyingine huchukua nusu saa au zaidi, na anayepima dakika ya kwanza hutishika bure. Zikishatulia, soma namba. Ikizidi 50 kwa mbali, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke, na hapo umempata mwizi. Usijaribu kuwasha gari mita ikiwa bado imeunganishwa, itaungua. Wenye ufunguo wa kisasa, ule usiochomekwa, wauweke mbali na gari. Ukitundikwa ukutani hatua mbili kutoka linapoegeshwa, gari linaweza kuwa linaamshwa na kulala mara nyingi kila siku.

Baada ya kupima, njia iliyo rahisi kuliko zote ni kufungua waya hasi na kuuacha wazi. Spana namba 10, dakika mbili, bila gharama. Zile ampea-saa 7 za kila wiki zinakoma, linabaki lile la betri kujimaliza yenyewe. Waya hasi ndio uanze kufunguliwa na uwe wa mwisho kurudishwa, kwa sababu bodi yote ya gari ni hasi: ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, cheche zake zinaweza kuyeyusha chuma. Ukimaliza, funga kitambaa kwenye kibanio kisirudi kugusa ncha.

Njia hii ina bei yake ndogo ndogo, na ni afadhali uijue ukiwa bado nyumbani. Redio nyingine zitadai namba ya siri. Vioo vya umeme vitasahau mwisho wao. Injini inaweza kunguruma vibaya siku ya kwanza hadi kompyuta ijifunze upya. Alamu zenye betri yao ya ndani zitalia unapokata umeme. Kifaa cha kufuatilia gari kitatuma taarifa kwamba kimehujumiwa, na kama mkopo wa benki unakibana, wajulishe kwanza. La kuudhi zaidi ni milango: bila umeme, rimoti haifungui kitu, na kitasa cha mlango wa dereva ambacho hakijaguswa na ufunguo kwa miaka sita huenda kimeshika kutu. Ujaribu kabla hujafungua betri.

Wenye subira zaidi huitoa betri kabisa na kuiweka ndani ya nyumba au stoo yenye ubaridi. Naipenda njia hii kwa gari litakalokaa zaidi ya miezi mitatu Pwani, kwa kuwa inaiondoa betri kwenye tanuri la boneti na inamrahisishia anayebaki. Huyo haombwi tena kuwasha gari. Anaombwa kupima volti mara moja kwa mwezi na kuchaji ikifika 12.4. Hapo watu huonya betri isiwekwe kwenye sakafu ya saruji, eti saruji huinyonya. Onyo hilo lilitoka zama za maboksi ya mbao na mpira yaliyokuwa yakivuja, ambapo unyevu wa sakafu uliweza kweli kupitisha umeme. Plastiki ya leo haivuji hivyo. Kipande cha ubao chini yake si kibaya, lakini faida yake ni kuikinga sakafu na asidi.

Kabla ya kuihifadhi, iwe ndani ya gari au stoo, betri isafishwe. Vumbi lililochanganyika na mvuke wa asidi juu ya kifuniko hupitisha umeme kidogo kidogo kutoka ncha moja hadi nyingine. Kitambaa chenye maji ya magadi huua asidi hiyo na ule unga mweupe wa kijani kwenye vibanio, mradi maji hayo yasipenye kwenye matundu ya seli. Suuza, kausha, paka grisi. Kama ni betri ya maji, si ile inayoitwa kavu, fungua vifuniko uone mabamba yamezama. Yakiwa wazi, ongeza maji ya betri ya dukani kiasi cha kuyafunika, ichaji, kisha ujaze hadi alama. Maji ya bomba hapana. Maji ya kisima cha Dar, yenye chumvi yake, hapana kabisa. Asidi pia isiongezwe, kwa sababu kilichopotea kwa joto ni maji peke yake.

Kuchaji nako kuna namna. Chaja za zamani zenye transfoma nzito hazijui kuacha. Betri ikijaa zinaendelea kusukuma umeme, maji yanachemka, mabamba yanaliwa. Hizo ni za usiku mmoja na mtu karibu, kwa mkondo usiozidi sehemu ya kumi ya ukubwa wa betri: ampea 4 hivi kwa betri ya 45. Chaja za kisasa hupanda hadi volti 14.4 hivi, kisha betri ikishiba hushuka zenyewe na kuishikilia kwenye 13.2 hadi 13.6, kiwango kinachofidia tu inachopoteza. Chaja ya namna hiyo inaweza kuachwa miezi. Gharama ya umeme ni ndogo, uniti moja au mbili kwa mwezi, na kwa gari la kifahari au la zamani linalokaa gereji yenye soketi sioni njia bora. Chumba kiwe na hewa tu, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na gesi hiyo ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja.

Ila njia hiyo inadhani umeme upo, na hapa kwetu umeme hukatika na kurudi kwa kishindo. Chaja nyingi za vitufe, umeme ukirudi, hazianzi tena zenyewe. Zinasubiri mtu abonyeze. Ukiwa safarini, chaja iliyozimika tarehe 3 na isibonyezwe mpaka urudi ni pambo la ukutani. Kabla ya kununua, ichomeke, izime swichi ya ukutani, iwashe tena, utazame kama inaendelea pale ilipoachia. Jaribio hilo la nusu dakika lina maana kwetu kuliko maandishi yote ya kwenye boksi. Kinga ya umeme, kama ile tunayowekea friji, nayo iwepo.

Jua halikatiki, na kwa maoni yangu ndilo jibu ambalo Afrika Mashariki tumechelewa kulipa uzito. Paneli ya wati 10, ikipata saa 4 au 5 za jua kali kwa siku, inaweza kuingiza ampea-saa 2 hadi 3 baada ya upotevu wote. Gari lenye afya linakula 1. Ziada inaitunza betri. Kosa la kawaida ni kuiweka paneli juu ya dashibodi, nyuma ya kioo chenye tinti, au kuiegesha pamoja na gari chini ya mwembe. Paneli ipande juu ya bati, waya ushuke hadi kwenye betri kivulini, katikati kuwe na kidhibiti chaji kidogo na fyuzi. Kidhibiti ni cha lazima: bila hicho paneli ya ukubwa huo inaweza kupandisha volti kupita kiasi mchana, na isiyo na kizuizi ndani yake hunyonya betri usiku. Mfumo wote unaweza kufungwa na fundi yeyote wa sola wa mtaani, na hauhitaji mtu wa kukumbuka chochote.

Magari ya mseto, akina Prius na Aqua waliojaa sasa Dar na Nairobi, yanawachanganya wengi. Yana betri kubwa ya kuendeshea, lakini kompyuta zake huamshwa na betri ndogo ya volti 12, na hiyo ikifa gari zima ni bubu hata kama betri kubwa imejaa. Kwenye Prius nyingi imefichwa nyuma, na buti lenyewe hufunguliwa kwa umeme, kwa hiyo asiyejua njia ya kuingia kwa ndani hukwama. Kwa magari haya ule ushauri wa kuwasha una nguvu zaidi: yakiwa katika hali ya tayari kuondoka, betri kubwa huichaji ndogo bila kutegemea kasi ya injini. Saa moja kila wiki mbili ina faida ya kweli, ila afanyaye hivyo asiweke gia ya N, ambapo betri kubwa haichajiwi. Betri ndogo ikibadilishwa, iwe ya aina yenye bomba la kutolea gesi nje, maana imekaa ndani pamoja na abiria.

Kundi jingine ni la wanaonunua magari kutoka Japani. Gari limekaa wiki kadhaa melini, likakaa tena bandarini likisubiri ushuru, likihamishwa kwa kuboostiwa kila linapotakiwa kusogea. Betri yake imeshinda njaa mara nyingi kabla mwenye gari hajaiona. Linapofika nyumbani linawaka, kila mtu anafurahi, na baada ya mwezi linakataa. Kabla ya kuiamini betri hiyo, ichajiwe usiku kucha mpaka ijae, ipumzishwe siku nzima bila waya, kisha ipimwe. Ikishikilia 12.6, bado ina maisha.

Siku ya kurudi ndiyo siku ya haraka, na haraka hiyo huharibu. Mizigo bado iko barazani, mtu anataka kwenda kusalimia wazee, gari halisemi neno, anaita jirani aje na waya za kuboosti. Litawaka. Lakini altaneta iliundwa kurudisha kile kidogo kilichotumiwa na stata. Ikilazimishwa kuijaza betri tupu kwa saa nzima hufanya kazi kwa nguvu zake zote na kupata moto mkali. Pima kwanza. Ikiwa juu ya 12.2, rudisha waya na uwashe. Ikiwa chini, ichaji usiku huo na wazee uwafuate kwa bodaboda. Na kama kuboosti hakuepukiki, waya mweusi wa mwisho ufungwe kwenye chuma cha injini mbali na betri, ili cheche isikutane na gesi.

Betri iliyosahaulika miezi chini ya volti 10 hufufuka mara chache. Chaja zenye hatua ya kuvunja salfeti husaidia kama ugonjwa ni mchanga. Ile tabia ya kumwaga asidi yote na kutia mpya haisaidii: inaongeza ukali wa asidi, na mita inasoma vizuri kwa muda, lakini bonge la salfeti liko pale pale, na mtikisiko huchochea tope la chini likaunganisha mabamba. Betri ikichajiwa usiku kucha na kukwama kwenye 10.5, basi seli moja kati ya sita imekufa, na hakuna cha kufanya zaidi.

Hapo atakuja mnunuzi wa skrepa, kwa sababu zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi na risasi ina bei. Inapokwenda baada ya hapo tumeshaonyeshwa. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kati ya mwaka 2007 na 2014 katikati ya nyumba za watu, na risasi ikaingia katika damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe alidhurika, aliwaongoza wakazi kudai haki, akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 Julai 2020. Uamuzi huo ukatenguliwa katika rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Huko Thiaroye-sur-Mer, Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 mahali ambapo risasi ya betri ilikuwa ikichekechwa mchangani kwa mikono.

Nawafikiria watoto hao kila ninapoona betri ya miaka miwili ikipakiwa kwenye mkokoteni, wakati ingefika miaka minne kivulini ikiwa imefunguliwa waya mmoja. Kama yako imekwisha kufa, mwachie muuzaji wa betri unakonunua mpya; wengi huzipokea na kukupunguzia bei. Na anayetaka kuimwaga asidi yake mtaroni kwanza ili iwe nyepesi kubeba, mkatalie.